SOKO LA SAMANI: Droo isiyotumia misumari, je, inalipa?

Kati ya Mafinga na Mapinga tofauti ni herufi moja tu, lakini kwa njia ya lori ni zaidi ya kilomita 500. Mbao nyingi laini zinazouzwa katika ukanda wa Bunju, Mapinga, Kerege hadi Bagamoyo mjini hutoka Nyanda za Juu Kusini, ambako shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Ubao hupakiwa ukiwa bado mbichi kwenye baridi ya Mufindi, hushushwa kwenye joto la pwani, hupigwa randa wiki hiyo hiyo, na kabla mwezi haujaisha umekwisha kuwa droo ya kabati la jikoni.

Miezi michache baadaye mwenye nyumba anavuta droo, uso wake unabaki mkononi na sanduku linabaki ndani ya kabati. Fundi anaitwa. Gharama ya safari hiyo ni ya nani? Wiki hii ukurasa huu unaangalia droo iliyoungwa kwa meno badala ya misumari, na kuuliza swali ambalo kila mwenye karakana au mtaji mdogo anapaswa kuliuliza kabla ya kutoa fedha: je, kazi hiyo ya ziada inarudisha gharama yake?

Soko la Mapinga

Mapinga ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mara baada ya kuvuka Bunju. Kadiri viwanja vya Tegeta na Boko vilivyojaa, wajenzi wamesogea kaskazini kufuata barabara hiyo. Kila nyumba inayofikia hatua ya umaliziaji inahitaji makabati ya jikoni, makabati ya nguo na meza, na vyote hivyo vina droo.

Upande wa malighafi, eneo hili lina milango miwili. Wa kwanza ni Dar es Salaam, yanakofikia malori ya mbao za paini kutoka kusini. Wa pili ni barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, yenye urefu wa kilomita 64. Kwa njia hiyo mbao za msaji, ambazo wengi huziita mtiki, kutoka shamba la Longuza wilayani Muheza zinaweza kufika Mapinga kupitia Segera na Msata bila kuingia kwenye foleni za jijini.

Useremala nao si jambo geni hapa. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni ushahidi kwamba patasi imefanya kazi katika pwani hii kwa vizazi. Mteja wa leo, hata hivyo, anataka kabati linalofunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku, tena karibu na bahari, ambako hewa ina chumvi na msumari wa kawaida hushika kutu upesi.

Kwa nini droo huachia kwanza

Rafu ya kabati hubeba mzigo ikiwa imetulia. Droo hubeba mzigo na wakati huo huo huvutwa. Kila inapofunguliwa, mkono unavuta uso wa droo kuja mbele, huku uzito wa vijiko, sufuria au nguo ukizivuta mbavu kurudi nyuma. Nguvu zote mbili hukutana kwenye pembe mbili za mbele.

Katika droo ya kawaida pembe hizo hushikwa na gundi na misumari. Msumari unaopigwa kupitia ubavu wa droo huingia kwenye ncha ya ubao wa mbele, ambako nyuzi za mti zimekatwa, na hapo haupati mshiko mzuri. Gundi pia hunywewa na ncha hizo na kubaki chache. Ukiongeza kutu na ubao unaoendelea kukauka, pembe hulegea.

Muungo wa meno unafanya kazi kwa njia nyingine. Ncha ya ubavu hukatwa vipande vilivyo vyembamba shinani na vipana mwishoni, kama mkia wa njiwa uliokunjuka. Ubao wa mbele hukatwa matundu ya umbo hilo hilo, na mabaki kati ya tundu na tundu ndiyo meno. Mikia ikiingia kwenye matundu kutoka upande, haiwezi kuchomoka kwa kuvutwa mbele, maana sehemu pana haipiti kwenye nafasi nyembamba. Mafundi wa Misri ya mafarao walikwisha kuutumia muungo huu, na mpaka sasa haujapitwa na wakati.

Mnunuzi akumbuke jambo moja: mikia lazima iwe kwenye mbavu na meno yawe kwenye uso. Fundi akigeuza, mkono unaovuta droo unavuta kwa mwelekeo ambao muungo unatokea, na hapo faida yote imepotea, inabaki gundi peke yake.

Namna inavyotengenezwa

Tuchukue droo ya upana wa sentimita 40, kina sentimita 45 na kimo sentimita 14. Mbavu mbili, uso na mgongo zinahitaji jumla ya sentimita 170 za ubao. Ubao wa inchi 1 kwa 6 wenye futi 12 una sentimita 366. Droo mbili huchukua 340, na sentimita 26 zinazobaki ni za njia ya msumeno na ncha zilizopasuka. Kwa hiyo hesabu ya kuanzia ni ubao mmoja kwa droo mbili. Ubao wenye fundo bovu utatoa moja.

Mbavu hupigwa randa hadi milimita 13 au 15, na uso hadi milimita 18 au 20. Fundi hukata mikia kwanza, akizifunga mbavu mbili pamoja kwenye jiliwa ili zifanane. Mwinamo wa mkia si wa kubahatisha. Kwa mti laini kama paini huwa moja kwa sita, yaani kila milimita 6 za urefu mkia unapanuka milimita 1 kila upande. Kwa mti mgumu kama mninga au msaji huwa moja kwa nane. Mwinamo ukizidi, pembe za mkia hubanduka. Ukipungua, muungo unakaribia kuwa wa kunyooka na hauzuii kitu. Kwa kimo cha sentimita 14, mikia mitatu inatosha.

Baada ya hapo mikia huwekwa juu ya ncha ya uso na kuchorwa kwa kisu. Penseli ina unene, na unene huo ndio uwazi utakaoonekana baadaye. Matundu husafishwa kwa patasi iliyonolewa vizuri kwenye kinoo. Mbele, matundu hayatobolewi mpaka nje. Huachwa ukuta wa milimita 5 hivi ili mteja akiangalia kabati aone ubao safi. Nyuma, ambako hakuna anayeangalia, yanaweza kutoboa.

Mfereji wa kushika kitako, kwa kawaida milimita 6 kwa plaiwudi ya milimita 6, hupitishwa kwenye mstari wa mkia wa chini kabisa, ili tundu lake lifichwe na mkia. Mgongo hukatwa mfupi kidogo kuliko mbavu, ili kitako kisukumwe kutoka nyuma baada ya sanduku kugundishwa. Kabla gundi haijakauka, fundi hupima ulalo mmoja wa sanduku kisha wa pili. Vipimo visipolingana, droo imekaa upande na itakwama maisha yake yote.

Kwa karakana inayotoa droo nyingi kipo kigezo cha chuma chenye vidole, kinachoongoza mashine ya ruta. Kisu chake cha kawaida kina upana wa nusu inchi na mwinamo wa nyuzi 14, na hukata ubavu na uso kwa pamoja. Kisu kikishushwa kidogo muungo unabana, kikipandishwa unalegea. Vidole vya vigezo vingi vya bei nafuu havisogei, na umbali kati yao mara nyingi ni inchi 7/8, yaani milimita 22. Vimo vya droo vipangwe kufuata kipimo hicho, la sivyo droo itaishia na nusu mkia pembeni.

Unyevu ndio mwizi

Ufundi wote huo hauna maana ubao ukiwa mbichi. Mti ukikauka hupungua kwa upana, lakini kwa urefu haupungui kiasi cha kuonekana. Ubavu wa paini wenye kimo cha sentimita 14, uliokatwa ukiwa na unyevu wa asilimia 25 na kukauka hadi asilimia 13 ndani ya nyumba, unaweza kupungua milimita 3 hadi 4. Mkia uliobana siku ya kuuzwa utacheza. Chumba cha hoteli au ofisi chenye kiyoyozi hukausha zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, upana wa droo hautishi. Ubao wa uso na wa mgongo umelala kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo sentimita 40 zitabaki 40. Ndiyo maana reli za chuma za pembeni hufaa: zile za kawaida huhitaji nusu inchi kila upande, na nafasi hiyo haibadiliki kwa majira. Kinachobadilika ni kimo. Droo itakayotengenezwa Agosti, wakati hewa ni kavu zaidi, iachiwe nafasi ya milimita 2 au 3 juu, maana masika yakifika itavimba. Kitako, nacho, kiwe cha plaiwudi. Kikiwa cha mbao kisigundishwe, bali kiachwe kiteleze ndani ya mfereji.

Kupima unyevu hakuhitaji chombo cha gharama. Kata kipande katikati ya ubao, si kwenye ncha, ukipime kwa mizani ya jikoni, ukikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka uzito usishuke tena, kisha upime mara ya pili. Kikiwa gramu 520 mwanzo na gramu 455 mwisho, kimepoteza gramu 65. Gawanya 65 kwa 455, unapata asilimia 14. Kwa pwani ubao huo unafaa kufanyiwa kazi. Ukipata 20 na kuendelea, urudishe kwenye vijiti.

Hesabu ya mwenye mtaji

Sasa tuje kwenye fedha. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake, njia ya hesabu ni ile ile.

Tuseme fundi analipwa Sh. 24,000/= kwa siku ya saa 8, yaani Sh. 3,000/= kwa saa. Droo ya misumari inamchukua nusu saa, gharama Sh. 1,500/=. Droo ya meno kwa mkono inamchukua saa mbili, Sh. 6,000/=. Tofauti ni Sh. 4,500/= kwa kila droo.

Tuseme pia kwamba droo ikiharibika fundi anapoteza nusu siku na nauli ya bodaboda, jumla Sh. 15,000/=. Gawanya 4,500 kwa 15,000, jibu ni 0.3. Maana yake ni kwamba, ukihesabu matengenezo peke yake, kazi ya meno kwa mkono inarudisha gharama iwapo droo 30 za misumari katika kila 100 zingerudi. Karakana yenye mbao kavu na gundi nzuri haifikii hapo. Mfanyabiashara asidanganywe na sifa: muungo wa meno wa mkono haulipi kwa kupunguza matengenezo tu. Unalipa pale mteja anapokubali kulipa zaidi kwa sababu anaona na kuelewa anachonunua.

Kigezo na ruta hubadilisha picha. Tuseme vyote viwili ni Sh. 1,200,000/=, na droo ya meno sasa inachukua nusu saa kama ile ya misumari. Karakana inaokoa Sh. 4,500/= kwa kila droo ikilinganishwa na kazi ya mkono. Gawanya 1,200,000 kwa 4,500, unapata droo 267. Kwa jiko lenye droo sita, hayo ni majiko 45 hivi kabla mashine haijajilipa, bila kuhesabu umeme, visu na siku za kujifunza. Mwenye majiko mawili kwa mwezi atangoja karibu miaka miwili. Mwenye majiko sita atangoja miezi minane.

Hapo ndipo nafasi ya mwekezaji mdogo inapoonekana. Karakana moja peke yake huenda isifikishe idadi hiyo upesi, lakini karakana kumi za Bunju, Mapinga na Kerege kwa pamoja zinaweza. Sanduku la droo ni bidhaa inayojitegemea. Linaweza kutengenezwa kwa paini pembe zote nne, kwa vimo vitatu vinavyojulikana, na kuuzwa kwa mafundi wenzake. Fundi wa kabati anafunga uso wake wa mninga, msaji au MDF kwa skrubu kutoka ndani, na mteja anapata rangi anayotaka. Mwenye mashine anaacha kushindana na mafundi, anawauzia.

Gharama ya kungoja

Mtaji unaosahaulika zaidi ni ule uliolala kwenye mbao zinazokauka. Tuseme umenunua mbao 100 za paini kwa Sh. 15,000/= kila mmoja, jumla Sh. 1,500,000/=, kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Ukizipanga kwa vijiti chini ya paa lenye upepo kwa miezi minne, riba ni Sh. 90,000/=. Mbao hizo zikitoa droo 200, kungoja kumegharimu Sh. 450/= kwa droo. Hiyo ni sehemu ya kumi ya tofauti tuliyoona kati ya kazi ya mkono na misumari, lakini bila hiyo kazi ya meno ni bure.

Kwa maneno mengine, mwenye fedha chache aanze na banda la kukaushia, mashine ifuate. Ubao mkavu unauzika hata kwa fundi asiyejua kukata mkia mmoja. Mbao ngumu huhitaji kungoja zaidi, na riba yake iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Wenye mninga waangalie pia sehemu nyeupe ya nje ya gogo: huliwa na wadudu, isiingie kwenye droo.

Upande wa sheria, biashara ya mazao ya misitu inasimamiwa na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na msimamizi wa kila siku ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mnunuzi wa shehena adai nakala ya kibali cha kusafirishia mazao na risiti ya malipo. Mbao za bei ya kutupa zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani au uani kwako, na mtaji ukaondoka nazo.

Mshindani

Tusifiche kwamba droo za MDF na chipubodi zinazidi kuenea, na zina sababu. Hazikauki wala kupinda, hukatwa haraka, na kwa nyumba ya kupangisha zinaweza kuwa uamuzi sahihi. Udhaifu wake ni maji: ukingo ukilowa huvimba na skrubu hupoteza mshiko, na jikoni maji hayakosekani. Haziwezi kukatwa mikia inayodumu, kwa sababu hazina nyuzi. Muuzaji wa droo za mbao asishindane kwa bei, hapo atashindwa. Ashindane kwa miaka.

Kwa anayenunua

Kabla ya kulipa, vuta droo itoke yote. Angalia kama mikia iko ubavuni na kama imejaa matundu yake bila vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi kuziba nyufa. Bonyeza pembe mbili zinazokabiliana, isicheze. Geuza uangalie kitako: kiwe ndani ya mfereji, kisiwe kimepigiliwa misumari kwa chini. Mwisho muulize fundi mbao zilikaa muda gani kabla ya kupigwa randa. Fundi anayejua kazi yake atajibu kwa miezi.

Naye fundi aandike. Tarehe ya kununua mbao, unyevu siku ya kukata, jina la mteja, na kila droo iliyorudi na sababu yake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litamwonyesha kama zile droo 30 kwa 100 ni zake au ni tatu tu, na kama mashine inunuliwe au ingoje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.